Namna ya Kujifunza Maneno Adimu ya Kiingereza Ukianzia kwenye Kiswahili Chako

Kila muhula mpya wa darasa langu la jioni hapa Sinza, Dar es Salaam, unapoanza, maswali huwa ni yale yale. Nianzie wapi? Nijifunze maneno mangapi kwa siku? Nikariri kamusi kuanzia herufi ya kwanza? Kwa nini maneno niliyoyaandika mwezi uliopita yameyeyuka yote? Wanaouliza ni watu wa kila namna: wahitimu wanaojiandaa kwa usaili, makarani wanaoandika ripoti kwa Kiingereza, na vijana waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili kisha wakaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu vitabu vyote vimegeuka Kiingereza. Nimeandika mwongozo huu ili niyajibu kwa pamoja na kwa utaratibu, na ili anayeamua kuanza leo usiku awe na la kufanya leo usiku.

Mwongozo unamfaa mtu anayeweza kusoma gazeti la Kiingereza na kulielewa kwa jumla, lakini akitaka kuandika au kuzungumza hujikuta akizunguka na maneno yale yale matano: “good”, “bad”, “big”, “very” na “thing”.

Nadharia nitakayokupa kabla ya kuanza ni moja tu. Msemaji wa Kiswahili hatumii “kutembea” kwa kila mwendo. Mwenye mguu mbovu anachechemea, mlevi anapepesuka, mzee mwenye mkongojo anajikongoja, mwizi ananyata, na kijana asiye na shughuli anazurura. Kila neno lina picha yake, na ukiliweka mahali pa mwenzake msikilizaji atashtuka. Kiingereza nacho kina “limp”, “stagger”, “hobble”, “tiptoe” na “roam”, lakini wengi wetu tunasema “walk” kwa yote, kisha tunabandika neno la pili la kusaidia. Fikra zenyewe tunazo tangu utotoni. Kinachokosekana ni jina lake la upande wa pili. Kwa hiyo, unapotafuta neno adimu, tafuta lile litakalokuwezesha kusema kwa Kiingereza jambo ambalo kwa Kiswahili ungelisema bila kusita. Uzito wa neno na ugumu wake visiwe kigezo chako hata kidogo.

Mahitaji

- Kaunta buku moja, liwe la kazi hii peke yake.
- Karatasi mbili au tatu za manila kutoka duka lolote la vifaa vya shule, uzikate vipande vya ukubwa wa kiganja. Hizi ndizo kadi zako.
- Boksi tupu la viatu na vipande vitatu vya boksi vya kuligawa ndani, pamoja na rababendi chache.
- Kamusi mbili. Ya kwanza iwe ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha, kama zile za Oxford au Longman. Ya Longman hueleza maana kwa kutumia maneno mepesi yapatayo 2000 tu, hivyo hutajikuta unatafuta neno moja na kuangukia jingine gumu zaidi. Ya pili iwe ya lugha mbili. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996, bado ni msaada mkubwa, na ipo pia ya Kiswahili-Kiingereza ambayo utaihitaji zaidi katika hatua ya tatu.
- Dakika 25 kila siku. Saa tatu za Jumamosi hazifidii siku sita zilizopotea.

Usiyeweza kununua kamusi usikate tamaa. Nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, ukae na kamusi mezani, au tumia kamusi za bure za mtandaoni za wachapishaji hao hao unapokuwa na bando.

Hatua ya 1: Chagua chanzo kimoja cha kusoma na udumu nacho mwezi mzima

Ukurasa wa tahariri na maoni wa Daily News au The Citizen unatosha kabisa. Mwandishi wa maoni ana maneno anayoyapenda, na mada za jiji hili, yaani maji, umeme, foleni na mafuriko, hujirudia. Kwa hiyo neno ulilokutana nalo Jumatatu utalikuta tena wiki ijayo likiwa limevaa nguo nyingine. Anayependa hadithi anaweza kununua riwaya ya mtumba kwa wauza vitabu wa katikati ya jiji wanaopanga bidhaa zao pembezoni mwa barabara.

Onyo: usipakue orodha ya “maneno 1000 magumu ya Kiingereza”. Nimewaona wanafunzi wengi wakianza nayo kwa ari kubwa, na sijamwona aliyeimaliza. Neno la kwenye orodha halina mahali lilipotoka, halina aliyelisema wala jambo alilolisemea, na kwa sababu hiyo halina pa kushika kichwani.

Hatua ya 2: Chuja kabla ya kujifunza

Soma makala hadi mwisho bila kufungua kamusi, huku ukipigia mstari kila neno usilolijua. Kisha rudi mwanzo na uyapitishe maneno hayo kwenye chujio.

Kwanza, angalia alama ya ufunguo. Kamusi za Oxford za wanaojifunza huweka picha ndogo ya ufunguo kwenye maneno ya msingi yanayotumika sana. Neno lenye ufunguo ambalo hulijui si adimu. Ni deni, na madeni hulipwa kwanza.

Pili, angalia lebo. Kamusi itakuambia kama neno ni la kizamani, la kishairi, la mtaani, la kirasmi au la dharau. La kizamani liache.

Tatu, jiulize ni lini katika wiki yako ungelitumia. Lipo neno ninalolipenda mno, “petrichor”, ambalo ni harufu inayopanda kutoka kwenye ardhi kavu mvua inapoanza kunyesha. Lilitungwa mwaka 1964 na wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas. Mkazi yeyote wa Dar es Salaam anaijua harufu hiyo matone ya kwanza ya vuli yanapoangukia vumbi la uani. Hata hivyo, mwanafunzi anayeanza ninamshauri aliache lisubiri, kwa kuwa atalihitaji mara moja kwa mwaka na huenda msikilizaji wake asilijue. Neno kama “shortage” au “backlog” litamfaa leo mchana kazini.

Baki na maneno matatu kwa siku, siku tano za wiki, na siku mbili ziwe za marudio tu. Hayo ni maneno 15 kwa wiki. Ukiona ni machache, kumbuka kwamba kwa mwaka yanapita mia saba.

Hatua ya 3: Anzia Kiswahili, utafute mwenzake

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo ninayoitetea kuliko zote.

Kila jioni, andika upande wa kushoto wa ukurasa maneno matano ya Kiswahili uliyoyasikia siku hiyo, kwenye daladala, sokoni au nyumbani, ambayo ungeshindwa kuyasema kwa Kiingereza bila kuzunguka. Wakati mmoja nililipa darasa langu kazi hii likaniletea “kununa”, “kutapanya”, “kuhodhi”, “kujivuta” na “kuingizwa mjini”. Tulipotafuta, tulipata “sulk” kwa mtoto aliyenuna, “squander” kwa anayetapanya mshahara, “hoard” kwa mfanyabiashara anayeficha sukari akisubiri bei ipande, na “dawdle” kwa anayejivuta njiani akijua amechelewa. La mwisho lilituchukua muda. Mtu anayeingizwa mjini kirahisi tulimpatia “gullible”, lakini hilo ni neno la sifa yake. Kitendo chenyewe ni “to be duped” au “to be conned”. Hakuna aliyeyasahau maneno hayo, kwa sababu kila mmoja alikuwa na sura ya mtu kichwani tangu mwanzo.

Utaratibu wake ni huu: tafuta neno kwenye kamusi ya Kiswahili-Kiingereza, chukua mapendekezo yote, kisha yahakiki moja moja kwenye kamusi ya Kiingereza kabla ya kuchagua. Usiishie kwenye kamusi ya lugha mbili. Ukitafuta “bahili” utapewa “miser” na “stingy”, na ni sawa. Lakini anayebana matumizi kwa busara ili alipe ada za watoto ni “frugal” au “thrifty”, na hayo ni maneno ya sifa. Neno la Kiswahili ni daraja la kukuvusha, na mara nyingi halilingani na la upande wa pili kwa upana wote. Kwa hiyo kwenye daftari usiandike neno moja la tafsiri. Andika maelezo mafupi.

Hatua ya 4: Jifunze neno pamoja na majirani zake

Chukua “exacerbate”. Kamusi itasema ni kuzidisha ubaya wa jambo, na Kiswahili kinalo neno lake zuri: kutonesha, kama unavyotonesha kidonda. Ukiishia hapo utaandika kwamba mvua “exacerbated the harvest” ukidhani umesema iliongeza mavuno. Majirani wa neno hili, yaani maneno yanayozoea kuandamana nalo katika sentensi, ni “problem”, “tension”, “shortage”, “flooding” na mengine ya aina hiyo. Lazima kiwepo kidonda kwanza ndipo kitoneshwe. Vivyo hivyo, hatari au madhara hupunguzwa kwa “mitigate”, na maumivu au umaskini kwa “alleviate”. Andika majirani wasiopungua watatu kwa kila neno, ukiyachukua kwenye mifano ya kamusi na kwenye makala uliyosoma.

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika barua ya kuomba kazi yenye sentensi hii: “I am notorious for my hard work.” Alikuwa amelitafuta “famous” kwenye simu, akaletewa orodha ya maneno yanayokaribiana, akachagua lililoonekana zito. Lakini “notorious” ni yule anayejulikana kwa ubaya, ndiyo “sugu” tunayoisema katika “jambazi sugu”. Barua ilikuwa imeshatumwa. Kijana yule alikuwa na sifa zote za kazi aliyoiomba, na mpaka leo huniuma kwamba neno moja lilitangulia mbele ya jina lake. Orodha ya maneno yanayofanana ichukulie kama mlango tu: usitumie neno lililotoka humo kabla hujaliona ndani ya sentensi tatu za watu wengine.

Hatua ya 5: Lisikie kabla ya kulitamka

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na husoma kila herufi iliyoandikwa. Tunaibeba tabia hiyo hadi kwenye Kiingereza, na ndiyo maana “epitome” hugeuka “e-pi-TO-me” ilhali ni “i-PI-to-mi”, na “hyperbole” huwa “hai-per-BO-le” ilhali ni “hai-PA-bo-li”. Katika neno “debris”, yaani vifusi, s ya mwisho haisikiki, na “subtle” haina sauti ya b. Bonyeza alama ya spika kwenye kamusi ya mtandaoni, sikiliza mara tatu, rudia kwa sauti, kisha andika matamshi kwa tahajia ya Kiswahili huku silabi yenye mkazo ukiiandika kwa herufi kubwa.

Hatua ya 6: Tengeneza kadi

Mbele ya kadi andika hali kwa Kiswahili na sentensi ya Kiingereza yenye pengo. Nyuma andika neno, matamshi, majirani na sentensi yako mwenyewe. Kadi yangu ya “exacerbate” ilikuwa hivi.

Mbele: *Tatizo lilikuwepo, hili likalitonesha. “Blocked drains ______ the flooding in Jangwani.”*

Nyuma: *exacerbated. Ig-ZA-sa-beit. Majirani: problem, tension, shortage, flooding. Sentensi yangu: “The power cut exacerbated the shortage of water in our street.”*

Zingatia kwamba mbele hakuna neno la Kiingereza linalotafutwa. Ukiliandika mbele na tafsiri nyuma, utajizoeza kulitambua tu, na siku ya usaili halitakujia. Sentensi yako pia iwe ya kweli, inayohusu mtaa wako, kazi yako au familia yako.

Anayependa kutumia simu anaweza kuzipanga kadi zake kwenye Anki, programu ambayo ni ya bure kwa simu za Android. Mimi humtaka kila anayeanza aandike kadi 50 za kwanza kwa mkono, kwa sababu anayeandika kwa kalamu hulazimika kulitazama neno herufi kwa herufi.

Hatua ya 7: Panga marudio

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema kabisa, kisha kasi hupungua. Ndiyo sababu marudio ya kwanza yasingoje wiki. Boksi lako la viatu linafuata utaratibu ulioenezwa na Sebastian Leitner katika miaka ya 1970:

1. Chumba cha kwanza: kadi hurudiwa kila siku.
2. Chumba cha pili: kila baada ya siku 3.
3. Chumba cha tatu: mara moja kwa wiki.
4. Chumba cha nne: mara moja kwa mwezi.

Kadi mpya huingia chumba cha kwanza. Ukiipatia, inasogea chumba kinachofuata; ukiikosa, hata kama ilikuwa chumba cha nne, inarudi mwanzo. Usiihurumie kadi kwa kusema “nilikuwa karibu kupata”. Boksi halibebeki ndani ya basi la mwendokasi la Kimara hadi Kivukoni saa moja asubuhi, lakini kadi kumi zilizofungwa kwa rababendi hukaa mfukoni, na foleni ya kituoni inatosha kuzimaliza.

Hatua ya 8: Tumia neno kabla wiki haijaisha

Kila Ijumaa andika aya moja yenye maneno matano kati ya 15 ya wiki hiyo, ukieleza jambo lililokutokea kweli. Iache ilale, uisome kesho yake kwa sauti. Palipo na neno ambalo ukiliondoa sentensi inakuwa nyepesi na maana inabaki ile ile, liondoe. Kisha tafuta mtu mmoja wa kuzungumza naye Kiingereza nusu saa kwa wiki, na ujiwekee lengo la maneno mawili tu katika mazungumzo hayo. Anayemwaga yote kumi na tano huonekana anasoma hotuba.

Baada ya mwezi wa kwanza: mizizi

Msemaji wa Kiswahili anajua jinsi neno moja linavyozaa: sema, msemaji, usemi, msemo, semezana. Kiingereza hufanya hivyo kwa mizizi ya Kilatini na Kigiriki. Kutokana na “loqui”, kusema, kuna “eloquent” kwa msemaji fasaha, “loquacious” kwa mpiga domo, na “colloquial” kwa lugha ya mazungumzo ya kawaida. Katika “procrastinate” limo neno la Kilatini “cras”, yaani kesho. Ni tabia ile ile ya kesho kesho. Jifunze mizizi 20 hivi na usiitegemee kupita kiasi. Mathalani, “meticulous” linatokana na neno la Kilatini la hofu, lakini leo humsifu mtu makini anayejali kila kitu kidogo.

Kuna pia maneno ambayo lugha zetu mbili zimeyapata kutoka chimbuko moja la Kiarabu, na haya ni zawadi kwetu watu wa pwani. “Monsoon” na “msimu” ni ndugu, wote wa “mawsim”. Waingereza walilipata kupitia Kireno, nasi tukalipata katika biashara ya majahazi yaliyokwenda na kaskazi na kusi. “Cipher” ni ndugu wa “sifuri”, “tariff” ni ndugu wa “taarifa”, na “lute” ni ndugu wa “udi” unaopigwa kwenye taarabu. Maana zimeachana njiani, kwa hiyo usitafsiri moja kwa nyingine. Tumia udugu huo kukumbukia tu.

Mambo yakikwama

*Nasahau neno lile lile kila mara.* Likirudi chumba cha kwanza mara nne, tatizo liko kwenye kadi. Ichane, uandike nyingine yenye sentensi kuhusu mtu unayemjua. Likishindikana tena, liache. Litarudi lenyewe kwenye kusoma.

*Naelewa nikisoma, lakini nikizungumza halinijii.* Hakikisha kadi zako zinaanzia Kiswahili, na uzijibu kwa sauti badala ya kimoyomoyo.

*Neno lina maana nyingi, nyingine zinapingana.* Ni kweli. “Sanction” laweza kuwa kuidhinisha na laweza kuwa kuwekea vikwazo. “Oversight” ni usimamizi, na pia ni kosa la kupitiwa. Jifunze maana uliyokutana nayo tu, na maana ya pili ipate kadi yake siku utakapoikuta.

*Wenzangu wanasema najidai.* Anza kuyatumia katika maandishi, na katika mazungumzo chagua neno ambalo msikilizaji atalielewa kutokana na sentensi nzima. Ikiwa unalazimika kulieleza kila unapolitumia, hapo halikuwa mahali pake.

*Nimekosa siku kumi, kadi zimerundikana.* Usiongeze maneno mapya. Pitia kadi 20 kwa siku mpaka rundo liishe, hata kama itachukua wiki mbili.

*Boksi limejaa.* Kadi uliyoipatia mara mbili mfululizo katika chumba cha nne itoe. Zifunge pamoja kwa rababendi, andika tarehe juu yake, na uzifungue baada ya miezi sita. Utakazozikumbuka zimeshakuwa zako; ulizozisahau, kama katika miezi hiyo uliwahi kuyahitaji maneno yake ukayakosa, zirudishe chumba cha kwanza, na zilizobaki zitupe.